Hatua ya Saba

Harufu ya mkaratusi uliokatwa jana ilinipata kabla sijafika langoni, na kwa dakika mbili tatu nikawa tena msichana wa miaka kumi na sita mwenye roho mbaya. Ndugu yangu Kiprono alikuwa ameleta nguzo mpya. Anataka kubomoa boma la ndama lililo nyuma ya ghala la mahindi hapa kwetu Kiplombe, ajenge vyumba vya kupangisha, kwa sababu ndama hakuna tena, na Baba, aliyekuwa akilitetea hilo boma kila mtu alipolisogelea na nyundo, tulimzika mwezi uliopita. Kiprono alinipigia simu kuuliza kama nina neno. Nikamwambia angoje nije nilione kwanza. Hakuelewa kuna nini cha kuona. Ni boma la waya lenye pande tatu, upande wa nne ni ukuta wa ghala, na kwenye kona moja pana pengo la hatua mbili lililozibwa kwa mlango wa zamani wa bati. Pengo hilo nililileta mimi. Nililileta kwa wivu, na sikuwahi kumwambia mtu.

Baba aliacha shule darasa la saba. Nililijua hilo kama nilivyojua jina lake, ila sikulitilia maanani, kwa sababu nyumbani kwetu yeye ndiye aliyejua kila kitu. Alijua ng'ombe yupi atazaa wiki gani. Alijua mvua ya kweli na mvua ya kutudanganya. Zaidi ya yote alijua kupima. Watu wa upande wetu walipogawana shamba au kugombania ua, walimwita aje atembee, maana hatua yake moja ilikuwa mita moja kamili. Jirani mmoja mbishi aliwahi kumfuata nyuma na tepu ya fundi kwa hatua thelathini, asipate tofauti ya hata upana wa kiganja. Baba alitembea mikono ikiwa mgongoni, akihesabu kwa Kikalenjin, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka afike mwisho.

Kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa na chakula kikiwa bado jikoni, alikaa kwenye benchi chini ya upenu, karibu na mikebe ya maziwa iliyoinamishwa ikauke. Hapo aliniuliza swali lile lile: leo mlifanya nini katika hesabu? Hakuuliza Kiingereza wala historia. Nami nilifungua daftari magotini, nikamweleza, naye akanitega kwa maswali yake. Ilianza nikiwa darasa la kwanza na kujumlisha kwa vijiti. Kiprono alikuwa mdogo na alichojua ni mpira, Mama alikuwa na jiko lake, kwa hiyo benchi lile lilikuwa langu peke yangu, na nilijiona malkia. Nikikumbuka sasa, naona kwamba nilipoingia sekondari mitego ilipungua, na kufikia kidato cha tatu ilikwisha kabisa. Alitikisa kichwa tu, akasema sawa. Nikadhani ameridhika nami.

Halafu akaja Nekesa.

Baba yake alikuwa karani mahali pa kupozea maziwa, wametoka upande wa magharibi, wakapanga vyumba vyetu viwili vya nyuma. Nekesa akaandikishwa shuleni kwetu, kidato cha tatu, darasa letu, na dawati lake likawekwa mbele ya langu, kama kwamba sikuwa nikimwona vya kutosha nyumbani. Hakuwa mrembo kunizidi. Nalisema hilo kwa sababu nililipima vizuri. Penseli yake ilikuwa fupi kama kipande cha kidole, na hakuwa na kitabu cha majedwali ya hesabu, akawa anaazima changu. Lakini mwalimu alipoandika swali ubaoni, mkono wa Nekesa haukuinuka kwa fujo kama yetu. Ulipanda polepole, ukakaa hapo juu, na jibu lilikuwa sahihi. Wa rika langu mnamkumbuka mtu wa namna hiyo. Kila darasa lilikuwa naye, na si kila mtu alimpenda.

Mwezi huo tulikuwa tumeanza grafu za kwadratiki, ile mistari inayopinda kama bakuli, au kama bakuli lililofunikwa ukiweka alama ya kutoa mbele. Tulikuwa tukijifunza kuzihamisha: ukijumlisha nje ya mabano grafu inapanda, ukitoa inashuka. Hilo lilinielea. Lililonishinda ni la ndani ya mabano. Jioni moja Baba, ingawa alikuwa ameacha mitego, akafungua mwenyewe daftari langu, akaweka kidole juu ya eksi kutoa tatu, yote mraba, akaniuliza hiyo kutoa inaipeleka grafu wapi.

"Kushoto," nikasema bila kusita. Kutoa ni kurudi nyuma, na nyuma ni kushoto. Mtoto wa chekechea angejua.

Nekesa alikuwa akipita na mtungi wake wa maji kutoka kwenye tangi letu. Akasimama. Nafikiri alitaka kupita, akashindwa.

"Samahani, Mzee," akasema. "Inaenda kulia."

Baba akamtazama, akamuuliza kwa Kiswahili kwa nini kutoa kuende kulia. Nekesa akaweka mtungi chini. Akasema utafute eksi gani itafanya ndani ya mabano kuwe sifuri. Ni tatu. Basi grafu imehamia pale kwenye tatu, na tatu iko kulia. Alisema kwa sentensi hizo chache tu, akabeba mtungi wake akaenda. Baba akabaki akiangalia daftari, midomo ikicheza. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyepata kitu alichokuwa amekipoteza. Nilifunga daftari. Chakula cha usiku ule sikukimaliza.

Tangu siku hiyo Baba akawa na shughuli kwenye tangi. Nekesa akija kuteka maji, Baba naye ana kitu cha kutazama huko, mara bomba linavuja, mara mfereji umeziba. Niliwaona kutoka dirisha la jikoni. Walichutama wote wawili, Baba kofia gotini na kijiti mkononi, wakichora kwenye udongo. Nilisikia sauti zao zikipanda na kushuka. Sisi nyumbani tuliongea Kikalenjin, na kwa Kikalenjin Baba alikuwa mzee wa maneno machache. Kwa Nekesa ilibidi aongee Kiswahili chake cha sokoni, na katika Kiswahili hicho alikuwa mwepesi, anatania, anauliza swali juu ya swali. Sikuwa nimewahi kumsikia Baba akiuliza hivyo. Na jambo moja liliniuma kuliko yote: kila nilipotoka nikawakaribia, Baba alifuta mchoro haraka kwa gamubuti lake, akasimama, akaanza kuongea habari za bomba.

Nikajua wana siri. Na nikajua siri yenyewe ni ipi: Baba amepata mtoto mwenye akili, na anaona haya kunionyesha.

Nilihesabu siku. Mara tatu kwa wiki, mara nne. Kwenye benchi bado alikuja, bado aliuliza leo mlifanya nini, lakini mimi nilijibu kwa mkato, na yeye hakunibana. Nilianza kuacha kitabu changu cha majedwali nyumbani makusudi ili Nekesa akose cha kuazima. Nikakosa mimi pia, nikachapwa kwa kutokuwa na kitabu, nikaona ni sawa tu mradi naye hakuwa nacho. Nilimlalamikia Mama kwamba Baba siku hizi ana mtoto wa pili wa kike. Mama, aliyekuwa akichambua mboga, hakuinua hata macho. Akaniambia nimwache babangu, anafurahia kitu. Maneno hayo yalinimaliza. Mimi nilitaka afurahie mimi.

Kisha likaja jambo la boma. Baada ya kuweka ua upande wa barabara, Baba alibaki na waya wa mita ishirini na nne. Akataka kuwajengea ndama boma nyuma ya ghala, ukuta wa ghala uwe upande mmoja, waya uzunguke pande tatu. Ijumaa jioni akatuita sote wawili, mimi na Nekesa, nyuma ya ghala. Sijui alitaka nini kwa kutuita pamoja. Labda alitaka amani. Akauliza: tujenge vipi ili ndama wapate nafasi kubwa kabisa?

Nikawahi. Nikasema nane kwa nane kwa nane, maana mwalimu alisema mraba ndio unaobeba eneo kubwa. Baba akatikisa kichwa kukubali. Na mimi nikamtazama Nekesa kwa jicho la kumwambia leo umefika mwisho.

Nekesa alikuwa akiutazama ukuta. Akasema taratibu kwamba hiyo ni kweli kama waya unazunguka pande zote nne, lakini hapa ukuta unatusaidia. Akaomba kijiti. Akauita kila ubavu eksi, na mbele kunabaki ishirini na nne kutoa eksi mbili. Baba akachutama kando yake. Mara hii hakufuta kitu, na alisahau kwamba nipo.

"Na tukifanya ubavu kumi na mbili?" akauliza.

"Waya inaisha kwa mbavu, Mzee. Mbele hakuna kitu. Ndama atatoka tu akitembea."

"Na sifuri?"

"Basi waya imelala kwa ukuta. Boma hakuna."

Baba akacheka. "Kwa hivyo eksi haiwezi kupita kumi na mbili, na haiwezi kuwa chini ya sifuri. Yetu iko hapo katikati."

"Katikati kabisa," Nekesa akasema. "Sita. Hapo ndio kilele."

Akaiandika yote kwenye udongo: −2(x − 6)² + 72. Ile kutoa sita imekipeleka kilele kulia mpaka kwenye sita, na sabini na mbili imekipandisha. Ubavu sita, mbele kumi na mbili, eneo mita za mraba sabini na mbili. Yangu ilikuwa sitini na nne. Tofauti ilikuwa nafasi ya kulala ndama mmoja na mwenzake. Baba alibaki amechutama, akizungusha kidole juu ya zile namba bila kuzigusa. Kisha akamwambia Nekesa maneno niliyoyabeba miaka yote hii.

"Ningekupata mapema," akasema. "Ningekupata mapema, ningekuwa mbali."

Alipima kwa hatua zake: sita kutoka ukutani kila upande, kumi na mbili mbele. Akapigilia vigingi vinne, viwili kwenye ukuta na viwili nje. Mimi nilikuwa nimesimama na nyundo mkononi nikimpa, na sikuwa nasikia kitu tena. Ningekupata mapema. Nilielewa anachosema: angempata yeye kabla yangu, badala yangu.

Kesho yake niliamka kabla ya wakamuaji. Umande ulikuwa mzito na baridi ya kwetu mnaijua. Nikaenda nyuma ya ghala na gamubuti za Mama. Nikang'oa vigingi viwili vya nje. Nikanyoosha mguu kadiri nilivyoweza nipate hatua moja ya Baba, nikavipigilia upya hatua moja mbele, saba badala ya sita. Matundu ya zamani nikayafunika kwa nyasi kwa kiatu. Nilijua hesabu ninayoifanya. Saba na kumi na mbili na saba ni ishirini na sita, na waya ni ishirini na nne. Utapungua mita mbili, utapungua mbele ya watu, na kila mtu atajua Nekesa ni nani. Nilirudi kitandani miguu ikiwa barafu, nikalala kama mtoto mchanga.

Majirani walikuja saa tatu kusaidia, kama ilivyo desturi kwetu mtu akijenga boma. Baba wa Nekesa naye alikuja, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kupumzika, na mikono yake laini ya karani ilikuwa ikitaniwa tangu asubuhi. Baba alikuwa bado kwenye maziwa. Vijana wakaona vigingi, wakachimba hapo hapo, wakasimamisha nguzo za mkaratusi, mbichi bado, zinanuka. Baba alipofika nguzo zilikuwa zimeshindiliwa. Wakafunga waya kwenye ukuta, wakavuta, wakapigilia misumari, wakazunguka kona ya kwanza, kona ya pili, wakarudi kuelekea ukutani. Na waya ukaisha. Mwisho wake ulining'inia hatua mbili kutoka ukuta wa ghala.

Wakauvuta kwanza, ukagoma. Halafu mmoja akauliza nani alipiga hesabu, na Kiprono, mtoto yule asiyejua kufunga mdomo, akamwonyesha Nekesa. Mzee mmoja akasema hesabu za vitabuni zinafuga ndama wa vitabuni. Wakacheka wote. Baba wa Nekesa naye akajaribu kucheka, kicheko kikamkwama, akainama akaanza kuokota misumari isiyohitaji kuokotwa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kona nikingoja furaha yangu ije.

Nekesa alitazama nguzo ya kona, akatazama ukuta, nikaona midomo yake ikihesabu. Kisha akatazama chini, mahali fulani kwenye nyasi, hatua moja nyuma ya nguzo. Akaliona tundu. Akainua macho akanitazama moja kwa moja. Nikajua nimekwisha. Nikangoja aseme. Badala yake alitembea polepole mpaka pale, akasimama juu ya tundu, akalikanyaga kwa kiatu chake cha shule.

"Ni mimi nilikosea, Mzee," akasema. "Nilisahau kutoa."

Baba alienda ukutani, akafunga mikono mgongoni, akatembea kuelekea kwenye nguzo. Hakuna aliyemsemesha. Nilimsikia akihesabu kwa Kikalenjin: mut, lo, tisap. Tano, sita, saba. Kwenye saba alisimama, bega lake likigusa nguzo, akakaa hivyo muda mrefu mgongo ukiwa upande wetu. Alipogeuka hakunitazama mimi wala Nekesa. Akasema tu leteni ule mlango wa bati ulio nyuma ya choo tuzibe hapo. Wakauleta. Boma likasimama.

Mnaweza kudhani nilijuta siku hiyo. Hapana. Nilimchukia Nekesa zaidi. Nilimwona anajifanya mtakatifu, ananinyang'anya hata ubaya wangu. Kwamba familia yake ilikuwa inalala kwenye vyumba vyetu, na kwamba mtoto wa mpangaji hawezi kusimama mbele ya watu aseme mtoto wa mwenye nyumba ameng'oa kigingi, halikunipita kichwani hata kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na dunia nzima ilikuwa imejaa mimi.

Nilishinda, nikubali. Baba hakuonekana tena kwenye tangi. Nekesa aliteka maji yake akapita akiwa ametazama mbele. Jioni Baba alikuja kwenye benchi, nikakaa kando yake, hakuna wa kunipokonya nafasi. Lakini hakuuliza tena. Aliuliza kama shule iko sawa, nikasema iko. Akauliza kama nimekula. Mara moja nilifungua daftari mwenyewe, nikamwonyesha jinsi ya kutafuta kilele cha grafu, naye akatazama kwa heshima kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu wa mtu mwingine, akasema vizuri, kisha akainuka akaenda kuangalia ng'ombe. Swali lile, leo mlifanya nini katika hesabu, sikulisikia tena mpaka alipokufa. Nikadhani ni adhabu. Nikadhani anamkumbuka Nekesa kila anaponiona. Mwaka uliofuata karani alihamishwa, wakafunga virago, na nilikuwa na furaha ya wiki moja.

Jumamosi hii iliyopita, nikiwa nimesimama mbele ya boma hilo na Kiprono akipanga nguzo zake, Nekesa aliingia langoni. Ni mwalimu wa hesabu sekondari huko Ziwa. Alikuwa amekuja kutoa pole, kwa kuwa siku ya mazishi alikuwa akisimamia mitihani. Amenenepa kidogo, na miwani inampendeza. Alisalimia, akalia kidogo na Mama ndani, akanywa chai, kisha akatoka akanifuata nyuma ya ghala. Tukasimama tukiutazama ule mlango wa bati, kutu imeutoboa.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, gamubuti za Mama na umande, kama kwamba hakujua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, Jerop," akasema. "Na Mzee alijua. Alinipata hapo kwa tangi Jumatatu. Akasema hatua yake haijawahi kudanganya, jioni ilikuwa sita, asubuhi ikawa saba. Akaniomba msamaha kwa ajili yako."

Akaendelea, sasa akitabasamu. Baba alimwambia amepiga hesabu usiku kucha kichwani: saba mara kumi na mbili ni themanini na nne, kwa hivyo boma limepita kilele, na kilele hakipitwi, sasa imekuwaje? Nekesa akamwambia kilele ni cha waya peke yake, Mzee, ule mlango wa bati ndio umeongeza. Baba alifurahi sana, akasema basi Jerop ametuongezea ndama.

"Halafu akasema tuache masomo," Nekesa akamaliza.

"Masomo gani?"

Akanigeukia. Ndipo nikaona kwamba miaka yote hiyo alidhani nilijua.

"Nilikuwa namfundisha," akasema. "Kila tulichofanya darasani. Alisema umefika mahali hawezi tena kukufuata, unafungua daftari na haelewi, anatikisa kichwa tu. Alitaka ajifunze upesi, arudi kwa benchi akutege tena kama zamani. Ndio maana alikuwa anafuta ukikuja. Akaniambia nisikwambie kamwe. Na ile siku akasema, huyu mtoto ameumia kwa sababu ya hii kitu, afadhali nibaki mjinga."

Kiprono aliniita kutoka mbele ya ghala, akauliza kama waanze kung'oa. Nikamuuliza Nekesa jinsi Baba alivyokuwa akiuliza. Nilitaka anionyeshe. Akafikiri, kisha akachutama pale pale kwenye nyasi, mwalimu mzima na sketi yake ya kutolea pole, akavua kofia isiyokuwepo, akaiweka gotini, akainua uso na kusema kwa Kiswahili kile cha sokoni cha Baba, "Mama, nieleze polepole. Hapa sijui kitu."

Ilikuwa sauti yake kabisa. Na mimi sikuwa nimeisikia ikisema maneno hayo, kwa sababu mimi alinipa baba anayejua, akanifichia yule mwingine, akamwonyesha mtoto wa mpangaji jioni tatu nne kwa wiki kando ya tangi la maji. Nilimtazama Nekesa akiwa amechutama hapo nikamwonea wivu, mtu mzima mimi, wivu ule ule wa miaka kumi na sita, na mara hii nilikuwa na sababu.